Kulinganisha Kadi za Grafiki Kabla ya Kutuma Pesa: Mwongozo Kamili kwa Walioko Tanga

Hapa Tanga kadi nyingi za grafiki hununuliwa kabla hazijashikwa mkononi. Unaona picha WhatsApp, mnaelewana bei na muuzaji wa Kariakoo, unatuma pesa kwa simu, kesho yake unaufuata mzigo stendi ya Kange. Katika safari hiyo kosa moja linajirudia. Mtu analinganisha kadi mbili kwa jina na kwa GB, anachukua yenye GB nyingi kwa bei ndogo, na ikifika haiingii kwenye kasha, au haiwaki, au inawaka lakini gemu linakwama kuliko kwa jirani yake mwenye kadi ya GB chache.

Mara nyingi hakuna aliyetapeliwa. Kadi iliyofika ni ile ile iliyoombwa. Kilichokosewa ni namna ya kulinganisha, na ndicho tunachokirekebisha hapa. Fuata hatua kwa mpangilio wake, na hatua ya 2 usiiruke hata ukiwa na haraka kiasi gani, maana hiyo ndiyo inayowaangusha watu wengi.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Daftari, au faili la Excel kwenye simu, la kuchora jedwali.
- Kompyuta yenyewe itakayowekwa kadi, bisibisi ya nyota, na rula au futi ya fundi cherehani.
- Simu yenye kamera nzuri na bando la kutosha kwa simu ya video.
- Flashi yenye programu hizi: GPU-Z (inayosoma taarifa za kadi), HWiNFO (inayoonyesha joto na mwendo) na Unigine Heaven (inayoichosha kadi kwa majaribio). Zote zina toleo la bure. Anayefanya kazi za 3D aongeze Blender.
- Kazi yako moja halisi: mradi wa video ya harusi uliokwisha kuuhariri, ramani ya nyumba ya 3D, au gemu unalolicheza kila siku.

Hicho cha mwisho watu hukidharau, lakini ndicho kipimo bora kuliko vyote utakavyovikuta mtandaoni.

## Hatua ya 1: Andika kazi kabla ya kuandika jina la kadi

Juu ya ukurasa andika sentensi moja inayotaja programu, ukubwa wa picha na kinachokukera sasa. Mfano: "Nahariri video za harusi za 1080p kwenye DaVinci Resolve, na kutoa video ya saa mbili kunachukua usiku kucha." Au: "Nina kibanda cha gemu Makorora, nataka gemu za mpira zisikwame kwenye skrini ya 1080p."

Sababu ni kwamba hakuna kadi iliyo bora kwa kila kitu. Anayechora ramani za 2D kwenye AutoCAD, au anayesafisha picha za pasipoti kwenye Photoshop, hataona tofauti kubwa akibadilisha kadi. Fedha yake iende kwenye SSD na RAM. Hata mhariri wa harusi za 1080p mwenye RAM ya GB 8 na diski ya zamani ya kuzunguka, mimi ningemshauri aanze na hizo mbili, kadi ije baadaye.

Utajua umefaulu hapa pale mtu mwingine akisoma sentensi yako na kuelewa unachotaka bila kukuuliza swali la ziada.

## Hatua ya 2: Pima mashine yako

Mashine nyingi zinazotumika mjini hapa ni zile za maofisini zilizoletwa zikiwa zimetumika: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, lakini hazikutengenezwa kwa kadi kubwa. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, kisha andika mambo manne.

Urefu na kimo. Pima kutoka ukuta wa nyuma wa kasha hadi kitu cha kwanza kitakachoizuia kadi kwa mbele. Kisha tazama kimo. Kasha la kawaida hupokea kadi yenye bati la nyuma la kama sentimita 12. Makasha membamba hupokea kadi fupi tu, zenye bati la kama sentimita 8. Kadi ndefu hata iwe bora kiasi gani, haina maana kama mfuniko haufungi.

Pawa saplai. Soma stika yake. Usiishie kwenye jumla ya wati, tafuta mstari wa volti 12, maana kadi hula kutoka hapo. Zidisha volti kwa ampea: ikiandikwa 12V na 16A, una wati 192 tu za kugawana kati ya prosesa, kadi na feni. OptiPlex nyembamba nyingi zina pawa saplai ya wati 240 au pungufu.

Waya za kadi. Sloti ya PCI Express, yaani tundu la mazabodi linalochomekwa kadi, hutoa wati 75 kwa kadi, basi. Kadi inayohitaji zaidi huletewa umeme kwa waya wa pini 6, ambao huongeza wati 75, au wa pini 8, ambao huongeza wati 150. Kama pawa saplai yako haina waya hizo, orodha yako imekwisha kufupika: chukua kadi za wati 75 kushuka chini.

Kizazi cha sloti. Tafuta namba ya prosesa yako, uone kama mashine ina PCI Express 2.0, 3.0 au 4.0. Utaihitaji hatua ya 5.

Tahadhari kubwa iko hapa. Kuna waya za kuunganisha zinazogeuza plagi ya diski kuwa pini 6 au 8. Kwenye pawa saplai ndogo ya ofisi waya huo hauongezi nguvu hata chembe. Unachofanya ni kubebesha waya mwembamba mzigo usio wake. Huyeyuka, na unaweza kuunguza mazabodi. Pia usidhani utabadilisha pawa saplai kirahisi, kwa sababu baadhi ya OptiPlex na EliteDesk hutumia plagi za kampuni yenyewe, tofauti na zile za pini 24 za kawaida. Hakikisha kwanza.

Ukimaliza hatua hii unapaswa kuwa na mstari kama huu: "Kasha jembamba, kadi fupi, wati 75, hakuna waya wa ziada, PCI Express 3.0." Mstari huo peke yake utafuta nusu ya matangazo unayotumiwa, na utakuwa umeokoa pesa kabla hata ya kuanza kulinganisha.

## Hatua ya 3: Pata jina kamili la kadi

"Nina 1030 hapa, kaka, GB 2, safi kabisa." Hilo si jina. GT 1030 zipo mbili. Moja ina memori ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Nyingine ina DDR4 inayopitisha GB 16.8 tu. Maandishi makubwa kwenye boksi yanafanana na GB 2 ni zile zile, ila ya pili ni dhaifu mno kwenye gemu.

Si hiyo peke yake. Hizi hapa huwachanganya watu mara kwa mara (GT, GTX na RTX ni za NVIDIA, RX ni za AMD):

- GTX 1060 ya GB 6 ina kori 1280 (kori ni vitengo vidogo vya kadi vinavyofanya hesabu). Ya GB 3 ina kori 1152. Tofauti haiko kwenye memori tu.
- RX 580 kamili ina kori 2304. Ipo nyingine huitwa RX 580 2048SP, nayo ina kori 2048, sawa na RX 570.
- RTX 3050 ya GB 8 ina kori 2560 na hula wati 130. Ya GB 6, iliyotoka 2024, ina kori 2304 na hula wati 70. Kwa kasi ile ya GB 8 iko mbele; kwa mashine ndogo ya ofisi, ya GB 6 ndiyo itakayowaka.
- RTX 3060 ya GB 12 ina njia ya memori ya biti 192. Ya GB 8 ina biti 128.

Wanaonunua laptopu wawe makini zaidi. Jina RTX 4060 kwenye laptopu linaweza kubeba kadi iliyowekewa wati 35 au iliyowekewa 115, na kasi zake zinapishana sana. Bila kujua wati alizoweka mtengenezaji wa laptopu hiyo, hujui unanunua nini.

Mwombe muuzaji picha ya stika ya nyuma ya kadi, siyo ya boksi. Humo mna namba ya modeli ya mtengenezaji, kama ASUS, MSI au Gigabyte. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ukipata ukurasa wenye picha inayofanana na kadi uliyoonyeshwa, una jina kamili. Muuzaji akikataa kupiga picha ya stika, tafuta mwingine.

## Hatua ya 4: Jaza jedwali la namba tano

Sasa chora safu: kori, kiasi cha memori, upana wa njia ya memori, kasi ya memori, na wati. Hizi hapa ni kadi zinazoonekana sana sokoni, uanzie hapo:

| Kadi | Kori | Memori | Njia | Kasi ya memori | Wati |
|---|---|---|---|---|---|
| GTX 1050 Ti | 768 | GB 4 | biti 128 | GB 112 kwa sekunde | 75 |
| GTX 1650 ya GDDR5 | 896 | GB 4 | biti 128 | GB 128 | 75 |
| RTX 3050 ya GB 6 | 2304 | GB 6 | biti 96 | GB 168 | 70 |
| RX 580 | 2304 | GB 8 | biti 256 | GB 256 | 185 |
| RX 6600 | 1792 | GB 8 | biti 128 | GB 224 | 132 |
| RTX 3060 ya GB 12 | 3584 | GB 12 | biti 192 | GB 360 | 170 |

Jedwali hili litakudanganya usipojua kulisoma, kwa hiyo tulia hapa.

Kiasi cha memori si kasi. GB ni nafasi ya kuwekea picha na data za kazi. Zikitosha, kuongeza nyingine hakuharakishi chochote. Zikipungua, kazi inakwama ghafla: gemu linarukaruka, DaVinci Resolve inakutolea ujumbe kwamba memori ya kadi imejaa, Blender inakataa kurenda, yaani kutoa picha ya mwisho. GT 730 ya GB 4 yenye DDR3 haifiki hata GB 30 kwa sekunde, wakati GTX 1650 ya GB 4 hupitisha 128. Zote mbili zitatangazwa kama "GB 4".

Kasi ya memori unaweza kuikokotoa mwenyewe. Chukua upana wa njia kwa biti, gawa kwa 8, zidisha kwa mwendo wa memori kwa gigabiti. GTX 1650 ya GDDR5: 128 gawa kwa 8 ni 16, mara 8 ni 128. Ile ya GDDR6 ina njia ya biti 128 vile vile lakini mwendo ni 12, hivyo inapata 192. Kori nyingi zenye njia nyembamba ni kama vibarua hamsini wanaopakua jahazi lenye ubao mmoja wa kushukia: wengi watasimama wakisubiri. Ila kumbuka kadi mpya, kama RX 6600 yenye kashe ya MB 32 (memori ndogo ya haraka ndani ya chipu), hupunguza safari za kwenda kwenye memori. Ndiyo maana RX 6600 huishinda RX 580 kwa mbali ingawa kwenye jedwali inaonekana nyuma kwa kori na kwa kasi ya memori.

Kori zilinganishwe ndani ya familia moja tu. Huu ndio mstari ninaotaka msomaji aukumbuke kuliko mingine yote. Kori ya NVIDIA si kori ya AMD, na kori ya kizazi kimoja si kori ya kingine. Tazama: RTX 2080 Ti ina kori 4352, RTX 3070 ina 5888. Kwa hesabu ya teraflopsi ya kwanza ina 13.4, ya pili ina 20.3. Ukisoma namba hizo utasema ya pili inaizidi ya kwanza kwa nusu. Kwenye gemu zinakaribiana mno, karibu sare. NVIDIA walibadilisha namna ya kuhesabu na kupanga kori kati ya vizazi hivyo viwili, kwa hiyo namba ilipanda kuliko kasi.

Teraflopsi nayo isikutishe. Ni kori mara 2 mara mwendo wa kadi, yaani inakurudishia habari ile ile ya kori kwa sura nyingine. Matangazo huipenda kwa sababu ni namba kubwa.

Jedwali lako limefanya kazi yake likibakiza kadi mbili au tatu zinazoingia kwenye mashine uliyoipima hatua ya 2. Lisikuchagulie mshindi. Mshindi anatoka kwenye vipimo.

## Hatua ya 5: Uliza kadi inajua kufanya nini

Kuna vitu havionekani kwenye jedwali, na kwa mtu wa video au 3D vina uzito kuliko kori.

Cha kwanza ni enkoda, sehemu ya kadi inayotengeneza video ya H.264 au HEVC bila kuichosha prosesa. GT 1030 haina kabisa. RX 6400 na RX 6500 XT nazo hazina, ingawa ni kadi za 2022. Fundi wa harusi aliyenunua RX 6500 XT ili kutoa video haraka atashangaa kuona prosesa ndiyo inayofanya kazi hiyo. Tena, kama prosesa yake ni ya Intel yenye grafiki za ndani, tayari ana enkoda ya Intel bila kununua chochote. Aiwashe kwanza ndani ya programu yake aone.

Cha pili ni programu yenyewe. Blender kuanzia toleo la 3.0, la 2021, iliacha OpenCL, njia iliyokuwa ikiitumia kuziendesha kadi za AMD, na tangu hapo RX 580, 570 na ndugu zake haziwezi kurenda kwenye Cycles, injini yake ya kurenda; kazi yote huangukia prosesa. Kwenye gemu RX 580 bado ni kadi ya heshima. Kwa mwanafunzi wa usanifu majengo anayetegemea Blender ni pesa iliyopotea. Huyo achukue NVIDIA, na akiweza RTX, ambayo hutumia OptiX, njia ya NVIDIA ya kuharakisha kurenda.

Cha tatu ni idadi ya njia za PCI Express, yaani njia za kupitisha data kati ya kadi na mazabodi. RX 6500 XT na RX 6400 hutumia njia 4 tu. Kwenye mazabodi ya PCI Express 4.0 hilo halisumbui sana. Kwenye mashine ya 3.0, na nyingi za hapa ni hizo, njia hizo 4 hubeba nusu, na kadi ya GB 4 ikijaa, gemu huanza kurukaruka. Kwenye mashine ya 2.0 usijaribu kabisa.

Pia baadhi ya kadi mpya hazionyeshi picha kwenye mashine kongwe zisizo na UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta. Tafuta modeli ya mashine yako pamoja na jina la kadi mtandaoni. Kama kuna aliyeiwasha, utamwona.

## Hatua ya 6: Soma vipimo vya watu wengine kwa jicho kali

Tafuta vipimo viwili visivyotoka chanzo kimoja. Katika kila kimoja angalia:

1. Ukubwa wa picha. Kipimo cha 4K hakikuhusu kama skrini yako ni 1080p.
2. Mpangilio wa gemu. Fremu 90 (picha 90 kwa sekunde) kwa mpangilio wa chini si sawa na fremu 90 kwa mpangilio wa juu.
3. Prosesa. Wapimaji hutumia prosesa kali makusudi, ili kadi isizuiwe. Ukiiweka kadi hiyo kwenye Core i5 ya kizazi cha 3 utapata pungufu, na kadi haina kosa.
4. Fremu za chini, si wastani tu. Tafuta namba ya asilimia 1 ya chini, yaani kasi ya zile fremu chache zilizokuwa polepole kuliko zote.

Hiyo ya nne ndiyo inayoeleza kwa nini kadi mbili zenye wastani sawa huhisiwa tofauti. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila picha ina milisekunde 16.7. Wastani ukiwa 60 lakini fremu za chini zikashuka hadi 20, kuna picha zinazochukua milisekunde 50, na mkono wa mchezaji unaona. Kati ya kadi yenye wastani 75 na chini 30, na yenye wastani 68 na chini 52, chukua ya pili bila kusita.

Tahadhari: zipo video za YouTube zinazoweka kadi kumi pembeni kwa pembeni, namba zinapanda na kushuka, lakini haonyeshwi mtu, haionyeshwi mashine, wala kadi yenyewe mkononi. Nyingine zimetungwa tu. Usiamini kipimo cha mtu asiyekuonyesha vifaa vyake. Na tovuti zinazosema "kadi hii ni bora kwa asilimia 34" bila kueleza gemu gani na mpangilio gani, zipite. Kwa Blender ni rahisi zaidi: Blender Open Data hukusanya matokeo ya kurenda ya watu wengi kwa kila kadi, hadharani.

Ukimaliza, mbele ya kila kadi uliyobakiza kuna namba mbili: wastani na chini, kwa kazi inayofanana na yako.

## Hatua ya 7: Weka shilingi

Gawa gharama yote kwa fremu. Gharama yote ni kadi, usafiri wa basi, na pawa saplai kama italazimu.

Tuseme kadi A ni shilingi 300,000 na inatoa fremu 70. Kadi B ni 400,000 na inatoa 72. A ni kama shilingi 4,286 kwa fremu, B ni 5,556. A imeshinda. Sasa ongeza kwamba A inadai pawa saplai mpya ya 120,000. A inakuwa 420,000, yaani 6,000 kwa fremu. B imeipita.

Mwenye kibanda cha gemu aongeze na LUKU. Kadi ya wati 185 na ya wati 70 zinapishana wati 115. Zikifanya kazi kwa nguvu yote saa 10 kwa siku, tofauti ni yuniti 1.15 kila siku, kama yuniti 34 kwa mwezi kwa mashine moja. Ukiwa na mashine nne, zidisha.

## Hatua ya 8: Ijaribu kadi kwa simu ya video kabla ya kutuma pesa

Muuzaji mwaminifu hana shida na hili. Mwambie kwa upole: "Bosi, niko Tanga, siwezi kuja leo. Naomba uiwashe niione." Kisha fuata mpangilio huu.

Kwanza aigeuze kadi polepole mbele ya kamera. Tazama skrubu kama zimechakaa, feni kama zinatikisika, na mapezi ya kupoza. Chumvi ya mwambao hula: kadi iliyokaa miaka kwenye chumba cha wazi karibu na bahari huwa na kutu kwenye bati la matundu na ukungu wa kijani kwenye shaba. Kutu kidogo kwenye bati si kitu. Ukijani karibu na vipande vya bodi, achana nayo.

Pili, afungue GPU-Z. Linganisha kori, aina ya memori, upana wa njia na kasi na jedwali lako. Kadi feki zinazoandikwa GTX 1050 Ti huwa zina chipu kongwe ndani. Chipu halisi ya 1050 Ti ni GP107. Ukiona jina la chipu linaanza na GF, ni feki, na mara nyingi programu yenyewe huweka alama ya feki mbele ya jina. Dalili nyingine ya macho: 1050 Ti halisi haina tundu la bluu la VGA.

Tatu, aendeshe Unigine Heaven kwa dakika 15 hadi 20, wewe ukitazama na kurekodi. Dakika mbili hazitoshi, kadi mbovu nyingi hujificha hadi zipate moto. Tafuta vidoa vya rangi, mistari, skrini kuwa nyeusi, au kompyuta kujizima.

Je, iliwahi kuchimba kripto (sarafu za mtandaoni)? Usilikatae jambo hilo moja kwa moja. Kadi iliyochimba kwa joto la wastani ikapita jaribio la dakika 20 inaweza kudumu, ila feni zake zimezunguka sana, kwa hiyo bei ishuke na feni zipatikane.

Kama kila kitu kimelingana, mwombe aifunge ndani ya mfuko wa plastiki maalumu na sponji, siyo gazeti. Barabara ni ndefu, na kadi nzito hupinda.

## Hatua ya 9: Pima mwenyewe ikifika

Kabla ya kutoa kadi ya zamani, pima nayo kazi yako halisi: muda wa kutoa video, au fremu za gemu kwenye sehemu ile ile. Rudia mara tatu, chukua namba ya katikati. Weka kadi mpya, weka draiva kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD, rudia vile vile. Bila namba za kabla huna unacholinganisha.

Sasa suala la joto, ambalo wapimaji wa Ulaya hawalioni. Wao hupima kwenye chumba cha nyuzi 22 hadi 24. Chumba cha Ngamiani mchana wa kaskazi, Januari au Februari, hufika nyuzi 32 bila shida, na kadi huongezeka moto karibu kwa kiasi hicho hicho. Iliyoonyesha nyuzi 72 kwao itakuonyesha kama 80 kwako. Kadi nyingi za NVIDIA hushusha mwendo wake zikikaribia nyuzi 83 ili zisiungue.

Kwa hiyo pima mchana, siyo usiku. Fungua HWiNFO, andika mwendo wa kadi kwa megahezi na joto dakika ya 1, kisha dakika ya 20. Mwendo ukishuka kidogo, sawa. Ukishuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kasha halipumui: ongeza feni ya kuingiza hewa mbele, ondoa vumbi, isogeze mashine mbali na ukuta. Kati ya kadi mbili zenye kasi sawa, hapa kwetu chagua yenye feni mbili na mapezi makubwa, hata ikizidi bei kidogo.

Umeme ukikatika katikati ya kurenda unapoteza kazi, na ukirudi kwa kishindo unaweza kuumiza kadi. Weka UPS, lakini soma wati zake, si VA. Wati huwa ni chache kuliko VA.

## Namba zikiwa chini ya ulivyotarajia

Ukipata pungufu kidogo kuliko vipimo vya mtandaoni, kubali, ni prosesa na joto. Ukipata nusu, kagua kwa mpangilio huu:

1. Waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, au umebaki kwenye mazabodi? Hili ni la kwanza kwa sababu hutokea sana.
2. GPU-Z inasema njia ngapi za PCI Express? Ikisoma namba ndogo kadi ikiwa imetulia, bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, iendeshe kazi kidogo, kisha soma tena. Ikibaki chini ya idadi ya kadi yako, itoe, safisha meno yake kwa kifutio cheupe, irudishe hadi ilie "tak".
3. Windows iko kwenye hali ya kuokoa umeme?
4. RAM ni kijiti kimoja? Ongeza cha pili cha aina ile ile. Fremu za chini hupanda, hasa kwenye mashine za Core i5 za zamani.
5. Prosesa iko asilimia 100 huku kadi ikiwa asilimia 50? Basi kadi inasubiri, na kununua kadi kubwa zaidi hakutabadilisha chochote hadi ubadilishe mashine.

Yote hayo yakiwa sawa na bado kasi ni nusu, rudi GPU-Z, piga picha ya ukurasa wa kwanza, umtumie muuzaji pamoja na ile video ya jaribio mliyoirekodi hatua ya 8. Fanya hivyo siku ile ile kadi ilipofika, maana wauzaji wengi hutoa muda mfupi sana wa kurudisha mali iliyotumika.